Unaileta familia kutembea Dar? Kwanza uliza bahari itakuwepo saa ngapi

Likizo za shule zikikaribia tu, simu yangu haipumziki. Jamaa wa Dodoma, wa Singida, wa Iringa, wote swali moja: "Nataka kuwaleta watoto waone Dar, siku tatu nne hivi, nianzie wapi?" Zamani nilikuwa najibu fasta. Nataja majina tu: Coco, Feri, Makumbusho, Kariakoo, Daraja la Tanzanite, Mbudya, maliza. Siku hizi sijibu hivyo, kwa sababu niliwahi kuipangia familia yangu mwenyewe kwa mtindo huo na nikaaibika. Nitawasimulia, ila msinicheke sana.

Ilikuwa Desemba 2024. Mjomba wangu ni fundi ujenzi, anakaa Dodoma, Nkuhungu, na mke wake, watoto watatu (mkubwa miaka 11, wa kati 8, mdogo 3) na bibi yetu mzaa mama. Bibi ana miaka sabini na kitu, Mgogo kindakindaki, na katika umri wake wote hajawahi kuiona bahari. Mjomba alidunduliza karibu mwaka mzima ili amlete mama yake aone maji, na watoto nao wapate cha kusimulia shuleni. Kazi ya kupanga safari nikapewa mimi. Si unajua, mtoto wa mjini, kamaliza fomu foo, anashinda kwenye kompyuta, basi wanaona kila kitu anajua.

Nikachukua karatasi ya kaunta buku nikaandika sehemu 11. Kumi na moja, kwa siku tatu! Nilijiona bonge la mpangaji. Sisi tunakaa Kimara. Siku ya kwanza nikawapeleka Kariakoo asubuhi, kutoka hapo Mwenge kwenye vinyago, halafu turudi Posta kuona sanamu ya Askari, jioni Coco. Mwenyeji wa Dar akisoma mpango huo anaanza kusikia joto hapo hapo alipokaa.

Kwa ambao hamjafika, Dar imekaa kama kiganja cha mkono. Kiganja chenyewe ni katikati ya mji, Posta na Kivukoni. Vidole ni barabara kubwa zinazotoka pale: ya Bagamoyo inakwenda kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Nyerere inakwenda uwanja wa ndege, na ya Kilwa inashuka Mbagala. Ukiwa kidole kimoja na unataka kwenda kingine, mara nyingi inabidi urudi kwenye kiganja, au uzunguke na Mandela na Sam Nujoma zinazokatiza kwa nyuma. Kwenye ramani unaona karibu. Ndani ya daladala saa tisa mchana mwezi wa Desemba, na mtoto wa miaka mitatu amekulalia kifuani na jasho lake, utajua maana ya karibu.

Basi bwana, Kariakoo hatukumaliza hata nusu saa, yule wa miaka minane akapotea. Nasema hivi nikiwa nimeandika kwa utulivu, lakini siku ile niliishiwa nguvu miguuni. Mke wa mjomba alikuwa anashika kitenge anauliza bei, mimi nimemshika bibi, mjomba kambeba mdogo, kila mtu akadhani mwenzake ndiye kamshika dogo. Tulimtafuta kama dakika arobaini. Tukamkuta kakalishwa kwenye kigoda na muuza viatu mmoja, kapewa na soda, analia. Muuza viatu alimuuliza baba yake anaitwa nani, akataja. Akamuuliza mnakaa wapi, akasema Nkuhungu. Akamuuliza namba ya simu ya baba, hajui. Sasa Nkuhungu ya Dodoma muuza viatu wa Kariakoo ataipatia wapi?

Mwenge hatukwenda tena. Sanamu ya Askari tuliiona kupitia dirishani.

Siku ya pili nikasema leo nafuta makosa, tunaanza na bahari asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Tulifika Coco Beach kwenye saa nne na nusu. Bibi alikuwa kavaa khanga mpya kabisa. Tukashuka, tukasogea, na mbele yetu kuna mawe, majani ya baharini, vidimbwi viwili vitatu na watoto wanaokota kaa. Maji yenyewe yako huko mbali yanameta kama bati. Bibi akasimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, bahari yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia imepwa, itarudi. Akasema, "Imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nimekaa Dar miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza. Tukasubiri hadi saa sita, jua la Desemba linachoma, mdogo kaanza kutapika, tukaondoka. Siku ya tatu bibi alikuwa na miguu imevimba, hakutoka. Wakati wanapanda basi kurudi Dodoma aliniaga vizuri tu, akaniambia, "Mji wenu nimeuona, nimeuona kwenye dirisha la gari." Mjomba hakusema kitu. Heri angenigombeza.

Hela ya mwaka mzima ile, wadau.

Baada ya hapo nilikaa chini nikajifunza habari ya maji, maana swali la bibi lilikuwa linanisumbua. Kwa nini Wabongo hatufundishani hili jambo mimi sielewi, wavuvi wa Feri wanalijua kama sisi tunavyojua ratiba ya mechi. Bahari ya pwani yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, yaani kila baada ya saa sita na dakika kidogo inageuka. Na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa sababu inafuata mwezi, haifuati saa yako ya mkononi. Mwezi ukiwa mpevu, na pia ukiwa umeandama, kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana halafu yanapwa sana, tofauti ya juu na chini inaweza kuzidi mita tatu. Mwezi ukiwa nusu tunaita maji mafu, tofauti inakuwa ndogo, bahari haiendi mbali.

Sasa uzuri wake ni kwamba saa hazibadiliki ovyo. Kwa Dar, siku za bamvua maji yanakuwa yamejaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja hivi, alfajiri na jioni. Saa nne, saa tano asubuhi yamepwa, yako mbali. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, inageuka: saa nne, saa tano asubuhi ndiyo yamejaa, na jioni yamepungua. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inakumalizia kazi yote. Tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Tarehe 7, 8 na 22, 23 ni maji mafu. Mimi niliwapeleka Coco siku moja baada ya mwezi mpevu, saa nne na nusu asubuhi. Hata ningetafuta kwa makusudi saa mbaya kuliko hiyo nisingeipata.

Mwezi wa tano 2025 mjomba akanipigia. Nikajua ananitafutia lawama zangu. Kumbe anasema, "Bibi yako anataka kurudi. Anasema safari hii tuikute bahari nyumbani." Nilicheka, halafu nikaogopa. Maana bibi hazidi kuwa kijana, na mjomba hawezi kudunduliza kila mwaka. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho, wote tulijua na hakuna aliyesema.

Safari ya pili niliipanga kwa miguu ya bibi na usingizi wa mdogo. Nilijiuliza maswali mawili tu: bibi anaweza kutembea umbali gani bila kukaa, na mdogo analala saa ngapi mchana. Majibu: kama mita mia mbili tatu, na saa saba. Kila kitu kikafuata hapo. Nikaifuta ile orodha, nikagawa mji kwa pande. Siku moja, upande mmoja. Ukiingia upande huo hutoki mpaka unarudi kulala. Na kati ya siku mbili za matembezi, siku moja ya kukaa nyumbani. Mjomba aliona napoteza siku. Nikamwambia mjomba, niamini.

Kwanza usafiri wa kuja. Desemba walikuja na basi, kilomita kama 450, siku nzima barabarani, mdogo akafika hoi. Safari hii wakapanda treni ya SGR. Safari za Dar hadi Morogoro zilianza Juni 2024 na za Dodoma Julai mwaka huo huo. Nauli ya treni ya kawaida Dodoma hadi Dar ilitangazwa shilingi 31,000 kwa mkubwa, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na chini ya miaka 4 bure. Wakubwa watatu 93,000, watoto wawili 31,000, mdogo hakulipa. Jumla 124,000 kwenda, na 124,000 kurudi. Tulibeba na kadi ya kliniki ya mdogo ili kusitokee ubishi wa umri, maana ana mwili yule dogo. Tiketi kateni mapema, hasa shule zikifungwa, na msisahau vitambulisho. Bibi alikaa dirishani, na ndani ya saa nne hivi yuko Dar. Kaja mzima, anauliza chai.

Halafu mwezi wenyewe. Tulichagua Juni. Huo ni wakati wa kipupwe, jua halichomi kama la Desemba, na mvua za masika zimeshapita. Kama una uhuru wa kuchagua kati ya likizo ya Juni na ya Desemba, na una wazee au watoto wadogo, usifikirie mara mbili. Desemba ina uzuri mmoja tu, ndugu wote wako mjini.

Siku ya kwanza ya matembezi ilikuwa upande wa barabara ya Bagamoyo, Kijiji cha Makumbusho. Hapa msichanganye, kuna Makumbusho ya Taifa, iko mjini Posta, na kuna Kijiji cha Makumbusho, hiki kiko Kijitonyama, jirani na kituo cha daladala ambacho nacho kinaitwa Makumbusho. Kimara hadi pale tuliunganisha Ubungo. Tuliondoka saa tatu, wafanyakazi wameshaingia maofisini, bibi akapata siti bila kuombewa.

Kijiji kile kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi chini ya miti, unaingia na kutoka. Ipo msonge ya Wahaya, ipo ya Wachaga, za Wazaramo, na ipo tembe ya Wagogo. Mimi nilikiweka kwenye mpango kwa sababu kina kivuli na sehemu za kukaa. Sikutegemea kilichotokea. Bibi alipoiona tembe, ile nyumba ndefu fupi kwenda juu, paa la bapa lililofunikwa udongo, alisimama. Halafu akaingia kama mtu anayeingia kwake. Akawaita wajukuu akaanza kuwaonyesha: hapa mnakoka moto, hapa vibuyu, ng'ombe wanakaa uani katikati ili mwizi akija lazima apite kwenye nyumba ya watu. Akawaambia alizaliwa kwenye nyumba kama hii. Yule wa miaka 11 hakuwa anajua! Anaishi na bibi yake nyumba moja Dodoma na hakuwahi kusikia. Watu wengine nao wakasogea kusikiliza, kuna familia moja ikadhani bibi ni mwajiriwa wa pale, wakamuuliza maswali ya msonge. Akawajibu kuwa hiyo hajui, waulizeni Wahaya.

Tulikaa pale saa tatu nzima. Sehemu moja! Kwenye mpango wangu wa Desemba ningeipa dakika arobaini. Mchana huwa kuna ngoma, lakini ulizeni mlangoni siku na saa kabla hamjakaa kuzisubiri. Mkitaka vinyago, Mwenge si mbali na pale. Sisi hatukwenda, mdogo alishalala mgongoni kwa mama yake na saa saba ilikuwa imepita.

Kiingilio cha hizi makumbusho kwa Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, na watoto wanalipa pungufu, kwa hiyo beba kitambulisho. Kinachokula hela Dar ni vitu vidogo vidogo barabarani: maji, soda, karanga, choo cha kulipia, "anko naomba ile". Watu saba mara jero jero, mara kumi kwa siku, piga hesabu mwenyewe. Mke wa mjomba alikuwa anaamka mapema anapika maandazi na kuchemsha mayai, tunabeba na maji dumu la lita tano. Kuna watu wanaona aibu kubeba msosi kwenda matembezini. Aibu ni kuishiwa nauli ya kurudi.

Siku iliyofuata tulikaa nyumbani. Bibi akanyoosha miguu, watoto wakacheza na watoto wa jirani. Na mke wa mjomba akaenda Kariakoo, na mama yangu tu, saa moja na nusu asubuhi, bila mtoto hata mmoja. Saa tano wameshanunua vitenge vyao, wamerudi, wanacheka. Kariakoo ni ya watu wazima wenye mikono mitupu na hela imefungwa vizuri. Kama ni lazima watoto waione, wapitishe asubuhi mkiwa mnapita, msiingie ndani kwenye vichochoro.

Na hata hivyo, popote mnapokwenda, andika namba ya simu ya mtu mzima kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto, kwa ndani, sehemu isiyofutika na jasho haraka. Andika namba mbili, ya kwanza inaweza kuzimika chaji. Mwambie akipotea asitembee, asimame alipo amwambie mama anayeuza kitu. Muuza kitu hahami. Sisi safari ya pili kila asubuhi ilikuwa foleni ya kuandikwa mikono kama wanapewa chanjo, hata mdogo alikuwa anatoa mkono mwenyewe.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mjini na baharini, upande mmoja. Nilikuwa nimepiga hesabu ya maji tangu mwezi wa tano na kuwaambia wakate tiketi kufuata hiyo hesabu: siku moja baada ya mwezi mpevu wa Juni, bamvua tena kama Desemba, lakini safari hii bahari jioni.

Kimara tulipanda Mwendokasi. Kimara ni mwanzo wa njia, tukaacha mabasi mawili yaende, la tatu tukapata siti zote. Tukashuka mjini. Bibi, mke wa mjomba na mdogo wakachukua gari la kuita kwa simu hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, sisi wengine tukatembea. Njiani niliwapitisha madogo kwenye ile sanamu ya Askari, iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita ya kwanza ya dunia. Nikawaambia wale wapagazi Waingereza waliwaita Carrier Corps, na kambi yao ilikuwa kule ambako leo tunaita Kariakoo. Yule aliyepotea akasema, "Kumbe na wao walipotea?" Kwa kweli wengi hawakurudi makwao, lakini sikumwambia hivyo.

Makumbusho ya Taifa ilifunguliwa 1940, enzi za Mwingereza. Ndiyo inayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, lile alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, umri wake kama miaka milioni moja na laki saba na nusu. Mkubwa alikuwa amelisoma shuleni, kwa hiyo akajifanya mwalimu. Wa kati alipenda magari ya zamani waliyopanda magavana na baadaye Mwalimu Nyerere. Kuna na sehemu ya kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Hiyo ni nzito kwa watoto, mimi niliwapitisha haraka. Ukitoka, jirani tu kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani miaka ya 1890, miti mikubwa, baridi, mkibahatika mnaona tausi. Tulilia maandazi yetu hapo, na mdogo akalala saa saba kama saa ya ukutani, kwenye khanga chini ya mti. Bibi naye akasinzia. Saa nzima hakuna aliyetusumbua. Angalizo moja: Ikulu iko maeneo hayo hayo, simu za kupiga picha muwe na adabu nazo. Usielekeze Ikulu, usielekeze askari.

Visiwani, Mbudya na Bongoyo, hatukwenda kabisa. Ni pazuri, maji safi, lakini ukijumlisha boti na viingilio vya hifadhi kwa watu saba, na ule mchezo wa kupanda boti kutoka kwenye maji ukiwa na bibi, nikaona hapana. Mkiwa vijana watupu nendeni.

Tulifika Feri kwenye saa nane na nusu mchana. Hii saa niliichagua. Asubuhi watu wanamiminika kutoka Kigamboni kuja mjini, jioni wanarudi kutoka mjini kwenda Kigamboni. Wewe nenda mchana kabla ya wimbi la jioni, rudi jioni wakati wao wanakwenda, utakuta kivuko kinachokuja mjini kina nafasi. Kuvuka ni dakika chache na ilikuwa mia mbili tu kwa kichwa, bei iliyopandishwa kutoka mia mwaka 2012. Kwa mtoto wa Nkuhungu ile ni meli. Mdogo alipiga kelele "tunaondoka, nyumba zinaondoka!" mpaka abiria wakacheka. Bibi alishika chuma kwa mikono miwili, macho mbele. Sikumsemesha.

Ng'ambo tukachukua bajaji mbili hadi ufukweni. Fukwe nyingi za Kigamboni zina wenyewe na zinatoza kiingilio, kwa hiyo uliza bei kabla watoto hawajavua viatu, wakishavua hamna mjadala tena. Tulifika saa tisa na dakika kadhaa. Na bahari ilikuwepo.

Yaani ilikuwepo hasa. Imejaa, inapanda mchanga, bluu mpaka macho yanauma. Watoto wakakimbia, mjomba akawafuata mbio kwa sababu bamvua ina nguvu na hakuna kati yao anayejua kuogelea. Hapa sifanyi utani: maji ya magotini, mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, na maji yakianza kurudi toeni wote, yanavuta. Bibi akatandika khanga akakaa pale pale kwenye unyevu. Wimbi likaja likamlowesha miguu. Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akasema kweli ni chumvi, walisema kweli. Mjomba alikuwa kasimama nyuma ya mama yake, suruali imelowa, anaangalia pembeni kwa muda mrefu.

Saa kumi na moja nikaanza kuangalia saa. Nikasema bibi, tuondoke tuwahi kivuko. Akasema hapana, mwaka jana niliikuta imeondoka, leo nataka kuiona inavyoondoka. Akachukua fimbo yake akaichomeka mchangani pale maji yalipoishia, akakaa anaitazama. Mawimbi yakawa yanafika kwenye fimbo, halafu yakawa hayafiki, halafu pakabaki hatua moja, hatua tatu. Watoto wakaacha kucheza wakaja kukaa naye. Jua likazama nyuma yetu ndipo akaichomoa fimbo, akasema, "Haya, imekwenda. Na sisi twende."

Kivuko tulikipata, kina nafasi kibao kama nilivyosema.

Mwenye mpango wa kuja na familia likizo ijayo aniandikie kwenye maoni hapo chini tarehe, idadi ya watu na umri wa mdogo kuliko wote, nitampigia hesabu ya maji. Wadau wa Tanga na Mombasa saa zenu hazipishani sana na zetu, ila waulizeni wavuvi wa hapo hapo kabla hamjambeba bibi.